Fainali iliyovushwa bahari: Cavan na Kerry jijini New York, 1947

Jumapili ya tarehe 14 Septemba 1947, kaunti mbili za Ireland zilicheza fainali ya taifa lao ya mpira wa miguu wa Kigaeli kwenye uwanja wenye kichuguu. Si kichuguu cha mchwa. Ni kile kituta cha udongo ulioshindiliwa ambacho mrushaji wa besiboli hukanyaga anapotupa mpira. Uwanja wenyewe ulikuwa Polo Grounds, kaskazini mwa kisiwa cha Manhattan, nyumbani kwa timu ya besiboli ya Giants. Msimu wa Giants ulikuwa haujaisha, basi kituta kikabaki palepale, na vijana kutoka Cavan na Kerry wakaambiwa wachezee juu yake na kandokando yake. Nyasi zilikuwa chache kuliko walivyozoea, ardhi ngumu, kiwanja kidogo, na jua la New York halikuwa jua la kwao.

Mpaka leo hiyo ndiyo fainali pekee ya mashindano makuu ya Ireland nzima ya mpira huo iliyochezwa nje ya Ireland. Mara nyingi husimuliwa kama tukio la ajabu, kisha watu wakaendelea na habari nyingine. Mimi nimekuwa nikiisoma kwa jicho jingine. Kwa sisi ambao ndugu zetu wametapakaa ughaibuni, wakiunda timu za mtaa na vikundi vya ngoma ambavyo baada ya miaka kumi hubaki na watu watano, kisa hiki ni funzo tosha. Viongozi wa nyumbani waliona mchezo wao unakufa ng'ambo, wakaamua kuupelekea dawa kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Je, dawa iliuponya? Na ugonjwa wenyewe ulikuwa upi?

Kwanza mchezo, kwa asiyeujua. Mpira wa miguu wa Kigaeli huchezwa na watu 15 kila upande. Mpira hudakwa, hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, na hubebwa kwa hatua chache kabla ya kudundwa chini au kugongwa kwa kidole cha mguu na kurudishwa mkononi. Goli lina milingoti mirefu na mwamba katikati. Ukipitisha mpira chini ya mwamba umepata goli, nalo lina thamani ya pointi 3. Ukiupitisha juu yake, kati ya milingoti, kwa kanuni za wakati ule ulipata pointi 1. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili: 2-11 maana yake magoli 2 na pointi 11, jumla 17.

Chama kinachousimamia, GAA, kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na wachezaji wake hawalipwi mshahara. Mchezaji huchezea klabu ya kijijini kwake, na akiwa hodari huitwa kuchezea kaunti yake. Hakuna soko la kununua na kuuza watu. Jambo hili ni la kushika, kwa sababu ndilo linaloeleza yaliyotokea Marekani: Mwairishi aliyehama alihama na kaunti yake kifuani. Akifika New York alitafuta kazi, chumba, kanisa, halafu timu ya watu wa kwao, na timu hizo zilibeba majina ya kaunti za nyumbani. Klabu ilikuwa mahali pa kusikia nani kafa, nani kaoa, na nani anatafuta kibarua cha ujenzi.

Hii haikuwa mara ya kwanza kwa chama hicho kuvuka bahari. Mwaka 1888, kikiwa na umri wa miaka minne tu, kilipeleka wanamichezo wapatao 50 Marekani ili waonyeshe michezo yao na kukusanya fedha. Fedha hazikupatikana. Ilibidi mwanasiasa Michael Davitt atoe pesa ili wasafiri waweze kurudi nyumbani, na hata hivyo baadhi yao hawakurudi. Walikwenda kuonyesha mchezo, wakageuka wahamiaji.

Sasa turudi kwenye ugonjwa. Kufikia miaka ya 1940 vilabu vya New York vilikuwa vimedhoofika sana, na sababu zake hazikuwa fumbo. Sheria za Marekani za miaka ya 1920 ziliweka viwango vya idadi ya wahamiaji kwa kila nchi. Kisha uchumi ukaanguka mwaka 1929, na kijana wa Kerry akawa hana sababu ya kupanda meli kwenda kukaa bila kazi katika mji wa watu. Halafu ikaja vita, na waliokuwepo wakavaa sare za jeshi la Marekani. Klabu ya wahamiaji haina shule ya kuilisha wachezaji. Inalishwa na bandari, na bandarini hapakuwa na watu.

Aliyesimama na kusema jambo lifanyike alikuwa padri, Kanoni Michael Hamilton wa kaunti ya Clare. Hoja yake ilikuwa ya kugusa moyo, tena alijua kuchagua mwaka. 1947 ilikuwa karne moja kamili tangu mwaka mbaya kuliko yote ya Njaa Kuu, ule ambao Waairishi huuita mwaka mweusi. Viazi vilioza ardhini, watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaondoka katika miaka ile ile. Wengi wa walioondoka waliishia Marekani. Padri akauliza kwa nini fainali isiwafuate watoto na wajukuu wa watu wale, walau mara moja.

Wengi walimpinga, nami siwezi kuwalaumu. Fainali ndiyo siku kubwa kuliko zote katika mwaka wa mkulima wa Kiairishi. Maelfu hupanda treni alfajiri kwenda uwanja wa Croke Park, Dublin. Kuihamishia New York kulikuwa kuwanyang'anya watu wa nyumbani kitu chao, na mtu wa kawaida hakuwa na uwezo wa kulipa nauli ya kuvuka Atlantiki. Inasimuliwa kwamba katika mkutano mkuu wa Pasaka ilisomwa barua ya mhamiaji mmoja akieleza kiu yake ya kuiona fainali kabla hajafa, na kwamba barua hiyo ililainisha mioyo ya wajumbe. Wapo waliosema baadaye kwamba barua ilitungwa. Iwe ilitungwa au haikutungwa, baraza kuu lilipopiga kura, hoja ilipita kwa tofauti ndogo.

Hapo nataka kutua kidogo. Tazama jinsi uamuzi ulivyofikiwa. Kilichoshinda ni huruma, kumbukumbu ya njaa na uchungu wa kutengana. Tatizo la vilabu lilikuwa upungufu wa vijana, lakini kilichopigiwa kura kilikuwa zawadi kwa wazee. Mambo haya mawili yaliingizwa kwenye kapu moja bila mtu kuyatenganisha, na ukiyaweka pamoja ni vigumu baadaye kujua umefaulu au umeshindwa.

Maandalizi yalisimamiwa na katibu mkuu, Pádraig Ó Caoimh, aliyekwenda New York mwenyewe. Ikumbukwe ni mwaka 1947: vita vilikuwa vimeisha miaka miwili tu iliyopita, na Ireland ilikuwa imetoka kwenye majira ya baridi makali mno. Cavan waliwatoa Roscommon kwenye nusu fainali na Kerry wakawatoa Meath. Sehemu ya msafara ilipanda meli na sehemu ikapanda ndege. Waliopanda ndege walisafiri takriban saa 30, wakitua njiani kwenye visiwa vya Azores. Fikiria mkulima ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kwenda Dublin.

Mapokezi yalikuwa ya kifalme. Meya wa New York wakati huo alikuwa William O'Dwyer, naye alizaliwa Bohola, kaunti ya Mayo. Kijana aliyeondoka kijijini akawa mkuu wa jiji, sasa anawapokea vijana wa kijijini! Hakuna tangazo lolote ambalo GAA ingeweza kulinunua likashinda hilo. Siku ya mchezo, ni yeye aliyeurusha mpira kuanzisha pambano.

Kerry ndio waliokuwa wababe wa mchezo huo, wenye mataji mengi. Cavan wanatoka jimbo la Ulster, na walikuwa hawajachukua kombe tangu 1935. Pambano lilipoanza ilionekana kama hadithi imeshaandikwa. Batt Garvey akafunga goli, Eddie Dowling akafunga jingine, na Kerry wakatangulia kwa pointi 8. Kwenye pambano la dakika 60, hilo ni pengo la kukatisha tamaa.

Lakini ardhi ile ngumu nayo ilikuwa inacheza. Dowling aliruka kudaka mpira, akaanguka vibaya, akatolewa nje. Kerry wakapoteza injini yao. Cavan, wakiongozwa na nahodha John Joe O'Reilly, ofisa wa jeshi aliyekuwa mtulivu kupita kiasi, wakaanza kurudi hatua kwa hatua. Joe Stafford akafunga goli. Mick Higgins akafunga jingine. Wakaenda mapumziko Cavan 2-5, Kerry 2-4. Kipindi cha pili hakikuwa na goli hata moja. Kilikuwa cha subira, cha adhabu baada ya adhabu, na kila mpira wa adhabu wa Cavan ulimwangukia Peter Donohoe. Donohoe alimaliza akiwa na pointi 8 peke yake, karibu nusu ya jumla ya timu yake. Magazeti ya New York yalitafuta namna ya kumweleza kwa wasomaji wasiojua mchezo huo, yakamwita Babe Ruth wa mpira wa Kigaeli, kwa jina la nyota mkubwa wa besiboli. Matokeo ya mwisho: Cavan 2-11, Kerry 2-7.

Kwa upande wa watazamaji, waliingia zaidi ya 34,000. Ni wengi, lakini uwanja ulichukua takriban 55,000. Kwa hiyo palikuwa na viti karibu 20,000 visivyo na mtu, katika jiji lililojaa watu wenye damu ya Kiairishi. Ukitaka kipimo cha kweli cha hali ya michezo hiyo New York, anza na viti hivyo. Wenye asili ya Ireland walikuwepo kwa mamia ya maelfu. Waliokuwa bado wanaujua mchezo kiasi cha kulipa tiketi ndio hao 34,000 na ushei, na ninaamini miongoni mwao wengi walikuwa wamepita umri wa kuvaa jezi.

Wakati huohuo upande wa pili wa bahari kulikuwa na hadhira kubwa zaidi. Redio ya taifa ya Ireland ilimtuma mtangazaji Michael O'Hehir, kijana wa miaka 27, na sauti yake ikafika nyumbani kwa njia ya simu ya Atlantiki iliyokodiwa kwa muda maalumu, mwisho saa 11 jioni za New York. Sherehe za ufunguzi zikala muda. Pambano likachelewa. Dakika zikaanza kuyoyoma huku Cavan wakilinda uongozi wao, na O'Hehir akatambua kwamba laini ingekatwa kabla ya filimbi ya mwisho. Akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha utangazaji: akaanza kumwomba hewani yeyote mwenye mamlaka juu ya laini ile ampe dakika tano zaidi. Akaomba tena. Akaomba tena. Hakujua anayesikia ni nani, wala kama yupo anayesikia. Laini haikukatwa. Cavan nzima ikasikia mwisho wa mchezo wake.

Nimekua kwenye nyumba ambapo redio iliwekwa dirishani ili majirani wote wasikie mpira, na betri zilianikwa juani ili zipate nguvu ya kumalizia kipindi cha pili. Kwa hiyo sehemu hii ya kisa hunishika koo. Fainali ilipelekwa New York kwa ajili ya watu wa New York, lakini waliobaki na kumbukumbu yake ya kudumu ni watu wa vijijini Ireland, waliokusanyika usiku kuzunguka redio moja wakisikiliza mtu akiomba dakika tano.

Basi, dawa iliponya?

Jibu rahisi lingekuwa hapana, na wapo wanaolitoa. Sherehe ilipita, timu zikarudi nyumbani, na mwaka uliofuata fainali ikarejea Croke Park. Lakini jibu hilo linapita haraka mno juu ya mwaka 1950. Mwaka huo New York waliingizwa kwenye hatua ya mwisho ya Ligi ya Taifa: bingwa wa Ireland angepambana nao kwa ajili ya kombe. Bingwa wa Ireland alikuwa Cavan, walewale wa Polo Grounds. Safari hii New York ndio waliovuka bahari, wakawafunga Cavan 2-8 kwa 0-12, tena palepale Croke Park. Miaka mitatu tu baada ya kupelekewa fainali kama mgonjwa anavyopelekewa uji kitandani, wahamiaji walikuja kuchukua kombe nyumbani kwa wenyewe. Wakalichukua tena 1964 na 1967.

Hapa lazima tuwe waangalifu kugawa sifa. Nadhani fainali ya 1947 ilifanya kazi moja muhimu: iliwalazimisha viongozi wa Dublin kuiona New York kama sehemu ya mashindano, na njia ya kwenda na kurudi ikafunguka. Njia hiyo isingefunguka kwa barua peke yake. Lakini wachezaji waliolichukua kombe hawakuzalishwa na fainali. Vita vilipoisha Waairishi walianza tena kuhama kwa wingi, kwa sababu nchini kwao hakukuwa na kazi, na miaka ya 1950 wimbi hilo likawa kubwa kweli. Wachezaji hodari wa kaunti za Ireland walishuka New York wakiwa na miaka 22 au 23, miguu yao ikiwa bado mizima. Bandari ilianza tena kulisha vilabu. Kwa maneno makavu, michezo ya Kigaeli ilistawi Amerika kwa sababu Ireland ilikuwa inaumwa.

Mwaka 1965 Marekani ilibadilisha sheria yake ya uhamiaji, na mlango ukawa mwembamba kwa Waairishi. Nguvu ya New York ikaanza kupungua. Hili ndilo linaloniaminisha kwamba uchunguzi wa 1947 ulikosea mahali. Walidhani vilabu vinakufa kwa kukosa kumbukumbu ya nyumbani, na kumbe kumbukumbu ilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuipokea: mtoto aliyezaliwa Bronx, sehemu ya jiji la New York, anayesoma shule na watoto wa Kiitaliano na wa Puerto Rico, ambaye hana kaunti kifuani na hajawahi kuona shamba la babu yake. Katika mipango yote ya 1947, pamoja na meli, ndege, meya na laini ya simu, sioni popote mtoto huyo alipowekewa fungu.

Lakini alikuwepo uwanjani, na hapa kisa kinanishangaza kila ninapokirudia. Mick Higgins, aliyeifungia Cavan goli katika kipindi cha kwanza, alizaliwa New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji, akapelekwa Ireland akiwa bado mtoto mdogo, akajifunza mpira kwenye mashamba ya Cavan, akarudi akiwa mtu mzima kufunga goli katika jiji alikozaliwa. Mwaka 1952 alikuwa nahodha wa Cavan walipochukua kombe tena, na tangu hapo Cavan hawajalichukua hata mara moja. Ushahidi kwamba mtoto wa mhamiaji anaweza kuubeba mchezo huu ulikuwa mbele ya macho ya watu zaidi ya 34,000, ukiwa umevaa jezi ya buluu. Tofauti ni kwamba yeye alilelewa kwenye klabu yenye watoto. New York ilikuwa na vilabu vya watu wazima.

Kazi ya kujenga vilabu vya watoto ilichukua miaka mingi, na haikuwa na meya wala magazeti. Ilifanyika Jumamosi asubuhi, wazazi wakipeana zamu za kuendesha gari na kuchangia mipira. Polo Grounds ulibomolewa mwaka 1964. Kitovu cha mchezo ni Gaelic Park huko Bronx, uwanja mdogo kandokando ya reli ya treni namba 1, karibu kabisa na kituo chake cha mwisho. Tangu mwaka 1999 New York hushiriki mashindano ya jimbo la Connacht, magharibi mwa Ireland: karibu kila mwaka kaunti moja ya jimbo hilo huja Bronx, na hadi 2022 New York walifungwa kila mara. Mara nyingine kwa pointi moja, kama walivyofanyiwa na Roscommon mwaka 2016. Kushindwa hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na bado vijana wajitokeze mazoezini majira ya baridi baada ya kazi, kunahitaji moyo ambao siwezi kuupima.

Tarehe 8 Aprili 2023 walikuja Leitrim. Dakika za kawaida zikaisha, nyongeza zikaisha, matokeo yakiwa 0-15 kwa 0-15. Wakaenda kwenye penalti. New York wakashinda 3 kwa 2, Mick Fox akipiga ile ya mwisho, na uwanja wote ukaingiliwa na watu. Timu ile ilichanganya wahamiaji wapya na vijana waliozaliwa palepale New York, waliopitia timu za watoto za mji huo. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza katika mashindano ya Connacht. Wiki mbili baadaye walisafiri hadi Sligo kwa nusu fainali, wakafungwa vibaya, wakapanda ndege kurudi Bronx kuwahi kazini.